Kasha, Feni na Vumbi la Malaba

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi (kuna mteja anayebadilisha mawazo kila Jumatatu, lakini hayo tuyaache). Leo sitaandika kuhusu programu. Nataka tuongee kuhusu boksi, lile boksi la chuma ambalo nusu ya Wakenya huliita "sipiyu", ilhali sipiyu yenyewe ni kijipande kidogo kilichofichwa ndani yake. Mafundi huliita "kesi", na ukimwambia nyanya yangu kwamba una kesi atakuuliza umekosana na nani. Mimi nitaliita kasha.

Nimelelewa kati ya Busia na Malaba. Kwa wasiopafahamu, ni miji miwili ya mpakani upande wa Kenya, kila mmoja ukitazamana na Uganda. Busia iko kwenye barabara inayotoka Kisumu, na Malaba iko kwenye ile inayopitia Eldoret na Bungoma, ambako pia reli huvuka. Malori ya kwenda Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo hupita huko mchana na usiku. Ni huko pia neno boda boda linakosemekana kuzaliwa, kutokana na baiskeli zilizobeba watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine.

Nilipokuwa mdogo, karibu kila ofisi na saiba niliyoingia ilikuwa na picha ile ile: kasha la kompyuta limesimama sakafuni, ubavu umeng'olewa, nyaya zimemwagika kama matumbo ya mbuzi, na feni ya mezani imeelekezwa ndani. Ukiuliza, unajibiwa kwamba mashine inapata joto, sasa si lazima ipate hewa? Jibu hilo lilinitosha kwa miaka mingi. Swali ambalo sikujiuliza ni hili: kama kuacha ubavu wazi ni vizuri hivyo, watengenezaji walihangaika kuuweka wa nini? Kulijibu kulinigharimu mashine moja, na mashine yenyewe haikuwa yangu.

Tuanze mwaka 1981. IBM walipotoa PC yao ya kwanza mwezi Agosti mwaka huo, feni ya kupoza ilikuwa moja tu, tena haikuwa ya prosesa. Ilikuwa ndani ya pawa saplai, na pawa saplai yenyewe ilikuwa ya wati 63.5, chini ya balbu ya kawaida ya zamani ya wati 100. Prosesa, Intel 8088 ya megahezi 4.77, ilikaa uchi kwenye bodi bila hata kipande cha aluminiamu juu yake. Feni ile ilivuta hewa kutoka ndani ya kasha na kuitoa nyuma. Hewa ya kujaza pengo ililazimika kuingia kwa matundu ya mbele, ipite juu ya diski na kadi, ndipo itoke.

Hapo ndipo penye siri yote. Feni moja iliweza kupoza kila kitu kwa sababu kasha lilikuwa limefungwa. Ukiondoa kifuniko, feni inavuta hewa iliyo karibu nayo na kuridhika, na vifaa vilivyo upande wa mbali havipati kitu. Ni sawa na kunywa soda kwa mrija uliotoboka katikati. Kwa hiyo kasha tangu mwanzo lilikuwa bomba la hewa. Sisi tulilichukulia kama kabati.

Miaka kumi iliyofuata joto lilianza kupanda. Prosesa za 486 za megahezi 66 zilizotoka 1992 ndizo zilizowazoesha watu kuona kipande cha chuma chenye mapezi juu ya prosesa, na Pentium za kwanza za 1993 zilihitaji na feni juu yake. Sasa kasha lilikuwa na feni mbili zisizojuana. Ya prosesa ilikuwa inazungusha hewa ile ile ya moto humo humo ndani, na ya pawa saplai inajaribu kuitoa.

Mwaka 1995 Intel wakaleta mpangilio mpya unaoitwa ATX, ambao ukoo wake bado uko kwenye kompyuta nyingi za mezani hadi leo. Watu wengi wanaukumbuka kwa sababu ya swichi na plagi zake, lakini mimi naupenda kwa jambo dogo la nyaya. Bodi iligeuzwa nyuzi 90, na soketi za kebo za diski zikasogezwa karibu na mahali diski zinapokaa, ili kebo ziwe fupi na zisipite katikati ya njia ya hewa. Mtu fulani aliketi akafikiria waya utapita wapi kabla ya kufikiria kitu kingine. Wazo lao la pili halikudumu: mwanzoni walitaka feni ya pawa saplai iingize hewa badala ya kuitoa, impulizie prosesa moja kwa moja. Tatizo ni kwamba hewa hiyo ilikuwa imeshapita ndani ya pawa saplai na kupata joto. Watengenezaji wakaigeuza, na maelekezo ya baadaye yakakubali hivyo.

Nyaya zenyewe zilikuwa balaa. Vijana mlioanza na kebo nyembamba za SATA hamjui tulikotoka. Kebo ya diski ya zamani ilikuwa bapa kama utepe, nyaya 40 zimelala ubavu kwa ubavu, upana wa karibu sentimita 5. Ukiwa na diski mbili na kisomaji cha sidii, unakuwa na mapazia mawili yaliyoning'inia mbele ya prosesa. Watu walianza kuzipasua kwa wembe, nyuzi kwa nyuzi, kisha wanazikunja ziwe za mviringo na kuzifunga. Ilisaidia hewa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 kasi ilipopanda, kebo zikawa na nyaya 80 badala ya 40, na zile 40 za ziada hazikubeba data hata kidogo. Ziliwekwa katikati ya wenzake kama ukuta, ili mawimbi ya waya mmoja yasimwingilie jirani. Ukizipasua na kuzikunja ovyo unabomoa ukuta huo, halafu unashangaa kwa nini diski inaleta makosa. SATA ilipofika 2003 na waya wake mwembamba wenye nyuzi 7, mjadala ukaisha.

Wakati huo huo kulikuwa na kundi lingine la watu Ulaya, Marekani na Asia lililokuwa linakata makasha kwa raha zake. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300 ambayo nyingi zake zilikubali kukimbia kwa 450 ukibadilisha mpangilio mmoja tu. Bure kabisa, ila joto. Basi watu wakachukua keekee na misumeno wakatoboa mabati: tundu la feni ubavuni, tundu juu, dirisha la plastiki ili taa zionekane. Kazi yao iliyonivutia zaidi haina taa. Waligundua kwamba ile sehemu ya nyuma ambapo feni hukaa, kiwandani huwa imetobolewa vitundu vidogo vidogo, na chuma kilichobaki kati ya vitundu kinazuia hewa nyingi na kupiga kelele. Wakaikata yote, wakaweka waya mwembamba wa kuzuia vidole. Waligundua pia kwamba feni ya milimita 120 ina eneo mara 2.25 ya feni ya milimita 80, hivyo inaweza kusogeza hewa ile ile ikizunguka polepole. Viwanda viliwatazama, kisha vikauza mawazo yao kama bidhaa. Mwaka 2005 kampuni ya Antec ilitoa kasha liitwalo P180 ambalo pawa saplai ilikaa chini katika chumba chake peke yake, mbali na joto la prosesa.

Intel nao hawakulala. Ilikuwa lazima waamke, kwa sababu Pentium 4 za mwaka 2004 zilikuwa majiko. Nyingine zilipangiwa hadi wati 115. Linganisha na kompyuta nzima ya 1981. Jambo zuri la Pentium 4 ni kwamba ilijua kujilinda: ikizidiwa na joto inapunguza mwendo yenyewe. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video maarufu wakiondoa kipoza joto mashine zikiwa zinafanya kazi. Pentium 4 ilisinzia ikaendelea kuishi, na Athlon ya AMD ikatoa moshi. Lakini kusinzia si kazi. Kwa hiyo 2004 ukaja mpangilio wa BTX, ambao ulipanga prosesa, kipoza joto na feni kubwa katika mstari mmoja ulionyooka kutoka mbele hadi nyuma, ndani ya handaki la plastiki. Ulikuwa mpango mzuri sana wa hewa. Haukuishi. Mwaka 2006 zilitoka prosesa za Core 2 zilizotumia wati 65, na mwaka huo huo Intel wakatangaza kuachana na BTX. Nani anataka kununua handaki la moto ambao umeshazimwa?

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu mashine hizo za moto hazikufa huko zilikotupwa. Kompyuta za ofisi za Ulaya na Marekani zikimaliza miaka mitatu au minne huuzwa, na nyingi zilikuja kwetu kama mitumba. Computers for Schools Kenya, shirika lililoanza 2002, lilijenga kazi yake yote juu ya kuzipokea, kuzikarabati na kuzipeleka shuleni. Nyingine zilipitia kwa wafanyabiashara. Ndiyo maana miaka ya 2008 hadi 2012, wakati wenzetu wameshahamia Core 2, ofisi zetu zilijaa Pentium 4.

Malaba zilikuwa na kazi ya kweli. Mwezi Julai 2005 mamlaka ya mapato, KRA, ilianza kutumia mfumo wa forodha uliopewa jina la Simba. Makaratasi ya wakala wa forodha yakahamia kwenye kompyuta. Mwaka 2007 ukaja mfumo wa RADDEx wa kupeleka taarifa za mizigo kati ya forodha ya Kenya na ya Uganda kabla lori halijafika mpakani. Fikiria maana yake. Kompyuta, kifaa kilichobuniwa kwa ofisi yenye zulia na kiyoyozi, sasa iko kwenye chumba cha mabati, hatua ishirini kutoka barabarani, inafanya kazi mchana na usiku kwa sababu mpaka haulali. Ikizimika, lori halisogei. Dereva anakaa, mwenye mzigo anapiga simu, na wakala anatokwa jasho.

Hewa ya Malaba nayo ina mambo yake. Kwanza, tuko takriban mita 1,200 juu ya bahari, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 11 kuliko ya Mombasa. Feni inasukuma kiasi kile kile, lakini kilichomo ndani yake cha kubebea joto ni pungufu. Pili, mabati mchana. Tatu, vumbi, na vumbi la mpakani si la kawaida. Ni udongo mwekundu uliochanganyika na masizi ya dizeli ya malori yanayonguruma yakingoja. Masizi yana mafuta. Vumbi la kawaida ungelipuliza likatoka. Hili linashika kwenye mapezi ya kipoza joto kama ugali kwenye sufuria, na safu nyembamba tu inatosha kulifanya blanketi. Ongeza kumbikumbi wa msimu wa mvua wanaofuata mwanga wa skrini usiku, na mjusi anayetafuta mahali pa joto. Nimemtoa mjusi ndani ya pawa saplai kwa mkono wangu mwenyewe. Alikuwa amekauka.

Na hapo ndipo ubavu ulipong'olewa. Mafundi wetu hawakuwa wajinga, walikuwa wanatibu homa waliyoiona. Lakini nadhani kosa kubwa zaidi lilikuwa jingine, na sijawahi kuliona limeandikwa mahali. Makasha mengi ya ofisi ya miaka ile yalikuwa na plastiki kubwa iliyofunika prosesa na kuelekea kwenye feni ya nyuma. Kwenye baadhi ya Dell ilikuwa ya kijani. Ilikuwa handaki lile lile la hewa. Prosesa haikuwa na feni yake, ilitegemea handaki hilo. Fundi akifungua kusafisha, anaiona plastiki isiyo na waya wala swichi, inamzuia kuona kazi, anaitupa. Kuanzia siku hiyo mashine inachemka, wanaondoa ubavu, wanaleta feni ya mezani, na feni ya mezani inaleta barabara nzima ndani.

Shangazi yangu alikuwa wakala wa forodha Malaba, na mwisho wa 2014 nilikuwa nimemaliza KCSE nikisubiri chuo. Huo ulikuwa mwaka mgumu kwa mawakala wa mpakani. Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanza, na mizigo ya Uganda ikawa inalipiwa ushuru kabla ya kutoka Mombasa. Kazi nyingi ikahamia huko pwani. Waliobaki Malaba waligombania kilichobaki, na shangazi alikuwa na mashine moja, Pentium 4 ya mtumba, iliyojizima mara tatu au nne kwa siku.

Mimi, mtaalamu wa miaka 17, nilikuwa nimeona picha za makasha yaliyokatwa. Nikamwambia, shangazi niachie mimi. Nikakata tundu juu ya kasha kwa mkasi wa bati, nikaweka feni inayopuliza kwenda chini, kwa hoja kwamba hewa baridi inapaswa kuingia. Juu. Chini ya paa la mabati. Bila chujio. Na sikutoa bodi wakati nakata, nilifunika kwa gazeti tu. Kwa wiki mbili nilikuwa shujaa. Usiku mmoja wa wiki ya tatu pawa saplai ililia "pa!" na kuondoka na bodi yake, na karatasi za mzigo wa mteja mmoja zikiwa bado humo hazijatumwa. Lori lililala. Mteja yule hakurudi tena. Tulipofungua tulikuta vumbi limejaa kama unga, na katikati yake chembe za chuma zinang'aa. Zilikuwa zangu. Shangazi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Mashine ya pili tuliinunua Busia, tukaichukua pamoja na plastiki yake, na safari hii nilisoma kwanza, karibu yote niliyowasimulia hapo juu. Nilienda kwa fundi wa jua kali anayetengeneza masanduku ya shule. Tulitoa kila kitu ndani mpaka likabaki bati tupu. Akakata mbele, chini, mraba mkubwa pa kupitishia feni ya milimita 120, akalainisha kingo kwa tupa na kupaka rangi isije ikashika kutu. Nyuma akaondoa vile vitundu na kuweka waya wa kuku. Nikaosha kasha, nikakausha juani, ndipo nikarudisha bodi.

Chujio lilikuwa chandarua cha dirishani, tabaka mbili, lakini si juu ya feni. Chandarua kinakaba hewa, kwa hiyo kinahitaji eneo kubwa kuliko feni yenyewe. Tulikitandaza kwenye fremu ya waya iliyofunika karibu uso wote wa mbele. Feni ya mbele iliingiza hewa nyingi kuliko ile ya nyuma ilivyotoa. Maana yake hewa ya ziada inatafuta pa kutokea kwenye kila mwanya wa kasha, na vumbi haliwezi kuingia mahali ambapo upepo unatoka. Mlango wa kuingilia unabaki mmoja, nao una chandarua. Mpangilio wa kwanza wa shangazi ulikuwa kinyume kabisa: kila mwanya ulikuwa mlango.

Nyaya nilizifunga kwa blada, zile kamba za tyubu zinazofungia mizigo kwenye boda boda. Makasha ya zamani hayana nafasi nyuma ya bodi ya kuficha kitu, kwa hiyo nilizipitisha chini kabisa kando ya ukuta, na plagi za pawa saplai zisizotumika nikazisukuma kwenye tundu tupu la kisomaji cha sidii. (Msinakili hili la blada. Kwa joto la ndani lilikauka na kukatika baada ya mwaka mmoja, nikanunua zile za plastiki.) Handaki lilirudi mahali pake na ubavu ukafungwa kwa skrubu zote. Feni ya mezani tukaigeuzia shangazi.

Prosesa ilikuwa ikikaa nyuzi 70 hivi bila kazi nilipoinunua. Ilishuka hadi 50, na wakati wa mchana wa Februari haikupita 60. Haikujizima tena.

Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Simba nayo baadaye ilipokezana na mfumo mpya wa iCMS. Shangazi sasa ana laptopu mbili, na laptopu hukatwi tundu, ingawa kuna siku ninatamani. Kasha bado lipo chini ya meza yake na lina kazi moja, kuhifadhi nakala za mafaili ya zamani ambayo wateja huja kuulizia. Chandarua ndicho kimebadilishwa, nadhani mara nne. Anakitoa kila Jumamosi jioni, anakipiga kwenye nguzo ya veranda mara tatu, na wingu jekundu linaelekea barabarani lilikotoka.